Swichi ya Ziada ya Kuinua Injini ya Boti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuifunga

Mwenye boti anapofikiria kuongeza swichi ya pili ya kuinua na kushusha injini, jambo hilo huonekana dogo: swichi moja, nyaya tatu, na kazi ya asubuhi moja kwa fundi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo, swichi hiyo hiyo ikifungwa mahali pasipostahili au kwa namna isiyofaa, yaweza kuunguza nyaya, kumaliza betri usiku boti ikiwa imetia nanga, au kuiamsha injini wakati mtu amesimama majini kando ya rafadha. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, jinsi swichi ya ziada inavyopaswa kuunganishwa, na mambo ambayo mlaji ana haki ya kuyauliza kabla hajatoa fedha zake.

Maelezo haya yanahusu injini za nje, yaani zile zinazofungwa nyuma ya boti, ambazo zina mfumo wa umeme wa kuinulia. Mashine ndogo za nguvu farasi 15 au 25 zinazotumiwa na wavuvi wengi kwa kawaida huinuliwa kwa mkono, nazo hazihusiki hapa.

KWA NINI INJINI HUINULIWA NA KUSHUSHWA

Injini ya nje imeshikiliwa na bawaba kwenye ukuta wa tezi. Katika bawaba hiyo kuna silinda za haidroliki, pampu ndogo, na mota ya umeme inayoiendesha pampu. Mota ikizunguka upande mmoja, mafuta ya haidroliki huzisukuma silinda na injini huinuka. Ikizunguka upande wa pili, injini hushuka.

Mwendo huo una sehemu mbili. Nyuzi chache za mwanzo ndizo mafundi wanazoziita trimu. Boti ikiwa mwendoni, nahodha huibadili kidogo pembe ya rafadha ili omo la boti liinuke au liiname, kulingana na mzigo, upepo na mawimbi. Sehemu ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kuiinua injini nzima hadi rafadha itoke majini, kwa ajili ya kupita penye kina kifupi, kuegesha ufukweni au kuivuta boti kwa trela.

Katika pwani ya Afrika Mashariki haja hiyo ya pili ni ya kila siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi meta 3. Boti iliyotia nanga asubuhi mahali penye maji ya kutosha yaweza kuwa imekaa juu ya mchanga au mwamba baada ya saa sita. Ikiwa injini haikuinuliwa mapema, uzito wa boti huiangukia rafadha na mhimili wake.

Trimu nayo ina hatari zake. Injini ikiinuliwa kupita kiasi boti ikiwa na kasi, omo hurukaruka, rafadha huvuta hewa badala ya maji, na usukani hupoteza nguvu. Aidha, matundu yanayovuta maji ya kuipooza injini yaweza kutoka nje ya maji, na mpira wa pampu ya maji huharibika upesi ukizunguka mkavu. Injini ikishushwa kupita kiasi katika kasi kubwa, omo huchimba maji na boti yaweza kugeuka ghafla na kumtupa mtu nje. Kwa hiyo swichi hii ni sehemu ya uongozaji wa chombo, sawa na usukani wenyewe, na haifai kuwa mikononi mwa mtu asiyejua afanyalo.

SWICHI HUTOA AMRI, HAIBEBI MZIGO

Hili ndilo jambo la msingi ambalo mwenye boti anapaswa kulielewa, kwa kuwa makosa mengi ya ufungaji hutokana na kutolijua.

Mota ya pampu hula umeme mwingi, makumi ya ampea kwa volti 12. Nyaya zake ni nene na fupi. Swichi ndogo iliyo chini ya kidole gumba cha nahodha kwenye mkono wa gia haikuundwa kuhimili umeme kiasi hicho. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka rilei kati ya swichi na mota, kwa kawaida moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Nahodha akibonyeza, umeme mdogo hupita kwenye swichi yake hadi kwenye rilei. Rilei nayo huufungulia njia umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota. Swichi hutoa amri, na rilei hubeba mzigo.

Swichi hiyo huwa na nyaya tatu. Wa kwanza huleta umeme chanya wa betri kupitia fyuzi. Wa pili hupeleka amri ya kupanda, na wa tatu hupeleka amri ya kushuka. Kidole kikibonyeza upande wa juu, waya wa chanya hugusana na waya wa kupanda. Kikibonyeza upande wa chini, hugusana na waya wa kushuka. Kidole kikiachia, swichi hurudi katikati yenyewe na pampu husimama.

Kutokana na hayo, kanuni ya kuongeza swichi ni fupi: swichi mpya huungwa sambamba na ile ya awali. Chanya huungwa na chanya, kupanda na kupanda, kushuka na kushuka. Amri itoke swichi ya kwanza au ya pili, kwa rilei ni amri ile ile. Matokeo yake ni matatu. Swichi ya zamani huendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna rilei mpya inayohitajika. Na la tatu, ambalo husahauliwa: hakuna swichi iliyo na mamlaka juu ya mwenzake. Nahodha aliyeshika usukani hawezi kuizuia amri ya mtoto aliyebonyeza swichi iliyo upande wa pili wa boti.

Baadhi ya mafundi, kwa kutaka njia ya mkato, huziunganisha nyaya za swichi mpya na nyaya nene za mota yenyewe. Njia hiyo ni ya hatari. Katika mfumo wa kawaida wa rilei mbili, nyaya zote mbili za mota huwa zimeunganishwa na hasi rilei zinapopumzika. Anayepeleka chanya moja kwa moja kwenye waya mmoja wa mota huwa anaikutanisha chanya ya betri na hasi yake bila kizuizi. Fyuzi isipokatika haraka, waya ndio utakaowaka, na katika boti moto huwa karibu na petroli. Fundi akikuambia kwamba ataiunga swichi “kwenye mota moja kwa moja”, mwombe asimamishe kazi.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Kabla ya kununua chochote, tazama ubavu wa kifuniko cha injini. Injini nyingi zenye mfumo huu zimetoka kiwandani na swichi ya pili hapo hapo, kwa ajili ya mtu aliye nje ya boti au aliye karibu na tezi. Wako wenye boti waliolipia kitu ambacho tayari walikuwa nacho.

Sababu nzuri za kuongeza swichi zipo. Mkono wa gia waweza kuwa mbali na usukani, hata nahodha analazimika kuachia kimoja ili ashike kingine. Mvuvi anayeongoza boti polepole akiwa amesimama upande wa omo aweza kuhitaji kuinua injini haraka akiona mwamba. Na mwenye boti inayovutwa kwa trela aweza kuhitaji swichi karibu na tezi, ikiwa injini yake haina ile ya kwenye kifuniko.

Zipo pia sababu zisizo nzuri. Ikiwa injini hupanda kwa kusitasita, au hushuka yenyewe ikiachwa juu, tatizo kwa kawaida liko kwenye betri dhaifu, viungo vyenye kutu, mafuta ya haidroliki yaliyopungua, au mipira ya silinda iliyochakaa. Swichi mpya haitaponya lolote kati ya hayo. Na ikiwa swichi ya zamani imeharibika, ibadilishe. Usiiache mahali pake na kuongeza nyingine, kwani swichi mbovu iliyobaki kwenye mfumo yaweza kutoa amri ambayo hakuna aliyeitoa.

MAHALI PA KUIWEKA

Mahali pa swichi ni uamuzi wa usalama kabla ya kuwa uamuzi wa urahisi. Zingatia mambo manne.

Kwanza, anayebonyeza aweze kuiona injini na watu walio karibu nayo. Katika fukwe zetu ni kawaida mtu mmoja kushuka majini na kulishika tezi wakati boti inaegeshwa. Mtu huyo husimama pale pale ambapo injini hupita ikipanda au kushuka. Swichi iliyofichwa mahali ambapo mbonyezaji hamwoni mwenzake haifai, hata kama ni karibu na mkono.

Pili, isifikike na abiria wala watoto, na isiwe mahali ambapo kamba, jaketi okozi, ndoo au zana za uvuvi zaweza kuilalia. Swichi iliyozama ndani ya ukuta au yenye ukingo wa kuizuia isiguswe kwa bahati mbaya ni bora kuliko iliyochomoza. Katika boti ya kubeba watalii au abiria, swichi ya upande wa omo haishauriwi kabisa.

Tatu, isiwe ndani ya sehemu iliyofungika yenye tangi au mipira ya mafuta. Swichi ya kawaida hutoa cheche ndogo kila inapobonyezwa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini na kusubiri.

Nne, iwe juu ya maji ya ngama na mbali na mahali ambapo mawimbi hupiga kila mara.

VIFAA VINAVYOFAA

Gharama ya vifaa ni ndogo ukiilinganisha na thamani ya injini. Hakuna sababu ya kukubali vifaa vya nyumbani au vya gari vilivyookotwa karakana.

Swichi. Iwe ya njia mbili, inayorudi katikati yenyewe ikiachiwa. Swichi inayobaki pale ilipowekwa, mfano wa swichi ya taa, haifai kabisa: mtu akiisahau, pampu huendelea kusukuma injini ikiwa imekwisha fika mwisho wake, na fyuzi au mota huungua. Tafuta yenye alama ya IP67, yaani isiyopitisha vumbi na inayostahimili kuzama kwenye maji ya kina cha meta 1 kwa dakika 30. Watengenezaji wa injini huuza swichi zao zilizo tayari na plagi zinazolingana. Ni ghali kidogo, lakini huondoa haja ya kukata nyaya.

Waya. Uwe wa shaba ya nyuzi nyingi iliyopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huliwa na chumvi kuanzia kwenye ncha hadi ndani ya ganda lake. Kwa umbali mfupi, unene wa milimeta za mraba 1.5 hutosha, kwa swichi iliyo mbali upande wa omo, tumia 2.5. Waya wa kufungia umeme wa nyumba, wenye uti mmoja mgumu, hukatika kwa mtikisiko wa bahari.

Fyuzi. Waya wa chanya wa swichi mpya uwe na fyuzi yake, karibu kabisa na mahali unapochukua umeme, isizidi sentimeta 20 hivi. Kwa swichi inayoendesha rilei za kawaida, fyuzi ya ampea 5 hadi 10 inafaa, isipokuwa kitabu cha injini kinaagiza vinginevyo. Usitegemee fyuzi ya awali pekee, kwa kuwa yaweza kuwa kubwa kuliko uwezo wa waya wako mpya.

Viunganishi. Viwe vya kubana kwa koleo maalumu, vyenye mpira wa gundi unaosinyaa kwa joto na kuziba maji. Vile vya kuuma waya bila kuukata, pamoja na waya uliosokotwa na kufungwa utepe, huingiza chumvi na kuleta hitilafu kabla ya mwaka kwisha.

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Hatua zifuatazo zitamwezesha mwenye boti kufuatilia kazi ya fundi, au kuifanya mwenyewe ikiwa ana ujuzi wa umeme wa betri.

1. Injini izimwe na ufunguo utolewe. Ikiwa kazi itafanyika injini ikiwa juu, komeo lake la kuizuia isianguke lifungwe kwanza. Mtu asifanye kazi chini ya injini inayoshikiliwa na haidroliki peke yake.

2. Nyaya za swichi ya awali zitambuliwe. Katika injini nyingi za Yamaha, waya wa chanya ni mwekundu, wa kupanda ni wa samawati na wa kushuka ni wa kijani hafifu. Katika nyingi za Mercury, wa chanya ni mwekundu wenye mstari wa zambarau, wa kupanda ni wa buluu wenye mstari mweupe, na wa kushuka ni wa kijani wenye mstari mweupe. Rangi ni kidokezo tu, si ushahidi. Boti iliyopita katika mikono kadhaa yaweza kuwa imebadilishwa nyaya.

3. Ushahidi hutolewa na mita ya umeme. Ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye hasi ya betri, waya wa chanya utaonyesha volti 12 au zaidi kidogo bila kubonyeza kitu. Waya wa kupanda utaonyesha hivyo wakati swichi inabonyezwa juu tu, na waya wa kushuka wakati inabonyezwa chini tu. Matokeo yaandikwe kabla ya kukata chochote.

4. Baada ya kupima, waya wa hasi wa betri ufunguliwe na uwekwe mbali na kichwa chake. Katika boti yenye betri zaidi ya moja, zote zifunguliwe.

5. Nyaya mpya zipitishwe juu ya usawa wa maji ya ngama, mbali na kebo za usukani na mipira ya mafuta. Zishikizwe kila baada ya sentimeta 45 hivi, na kila zinapopita kwenye tundu, tundu livishwe mpira ili kingo zisizikwaruze. Ikiwa zinafika kwenye injini, ziachiwe urefu wa kutosha ili injini iweze kugeuka pande zote mbili na kupanda hadi juu bila kuzivuta.

6. Viungo vifanyike mahali pakavu panapofikika, kama chini ya ubao wa vifaa vya nahodha. Kila kiungo kibanwe, kivutwe kwa mkono ili kuhakikisha hakiachii, kisha kizibwe kwa joto.

7. Chanya ya swichi mpya itoke kwenye chanya ile ile inayolisha swichi ya awali, au kwenye betri ile ile ya injini. Boti nyingine zina betri ya pili kwa ajili ya taa, redio au mota ndogo ya umeme ya kuvulia samaki. Betri hiyo isitumike: yaweza kuwa ya volti 24, au hasi yake isiwe imeunganishwa na ya injini.

8. Betri irudishwe, na majaribio yafanyike kama yanavyoelezwa hapa chini.

BOTI ZENYE INJINI MBILI NA INJINI ZA KIELEKTRONIKI

Katika boti yenye injini mbili, mtu hutamani swichi moja itakayoziinua zote kwa pamoja. Haifai kuunga tu waya wa kupanda wa injini ya kushoto na ule wa kulia kwenye kichwa kimoja cha swichi. Ukifanya hivyo, nyaya hizo zitakuwa zimeunganishwa daima, na kuanzia siku hiyo swichi ya injini moja itaziinua zote mbili. Inahitajika swichi yenye njia mbili zilizotengana ndani yake, moja kwa kila injini.

Katika injini mpya ambazo gia na mafuta huongozwa kwa kompyuta badala ya kebo, swichi ya kwenye mkono wa gia yaweza kuwa haipeleki volti 12 kwenye rilei. Hupeleka ishara kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamuru. Kuingiza chanya ya betri kwenye waya wa ishara kwaweza kuiharibu kompyuta hiyo, ambayo bei yake hailingani hata kidogo na ya swichi. Kwa injini za aina hiyo, tumia kifaa cha mtengenezaji na fundi aliyeidhinishwa naye.

KUIPOKEA KAZI

Usilipe fedha zote kabla ya kuyaona yafuatayo kwa macho yako, boti ikiwa imesimama, injini imezimwa na hakuna mtu majini karibu na tezi:

- Kila swichi, ya zamani na mpya, inapandisha inapobonyezwa juu na kushusha inapobonyezwa chini. Swichi zilizopishana, moja ikipandisha pale nyingine inaposhusha, ni kosa la kurekebishwa kabla boti haijaondoka.
- Pampu husimama papo hapo kidole kinapoachia.
- Injini hufika juu kabisa na chini kabisa, usukani ukiwa umegeuzwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, bila waya wowote kukazika.
- Fyuzi ya swichi mpya ikitolewa, swichi mpya haifanyi kazi lakini ya zamani inafanya.
- Maji yakimwagwa juu ya swichi, injini haitikisiki.
- Swichi ina maandishi au mishale ya kuonyesha juu na chini.

Mwombe fundi akuchoree mchoro mdogo wa alichofanya: ameunga wapi, rangi gani, fyuzi iko wapi na ni ya ampea ngapi. Uhifadhi ndani ya mfuko usiopenya maji, botini. Siku hitilafu itakapotokea katikati ya bahari, karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko zana nyingi.

DALILI ZA HITILAFU NA HATUA ZA KUCHUKUA

Injini inapanda au kushuka yenyewe. Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote. Mara nyingi maji ya chumvi yameingia ndani ya swichi na kujenga daraja kati ya chanya na waya wa amri. Usisubiri: zima betri kwa swichi yake kuu, kisha toa fyuzi ya swichi ya ziada. Ikiwa tatizo limekwisha, swichi hiyo ibadilishwe. Hali hii ikitokea usiku boti ikiwa nangani, pampu huweza kufanya kazi hadi betri iishe kabisa. Ndiyo maana betri inapaswa kuzimwa kila unapoiacha boti.

Husikika mlio wa “tiki” lakini injini haitembei. Amri inafika kwenye rilei, kwa hiyo swichi ni nzima. Angalia betri, viungo vya nyaya nene, rilei, na mota yenyewe.

Hakuna mlio wowote kutoka swichi mpya, lakini ya zamani inafanya kazi. Angalia fyuzi ya swichi mpya na viungo vyake.

Swichi zote hazifanyi kazi. Angalia fyuzi kuu ya mfumo na betri. Ikiwa unahitaji kuinua injini haraka, injini nyingi za aina hii zina skrubu ya kuachia haidroliki kwa mkono, karibu na bawaba. Ukiilegeza kama kitabu cha injini kinavyoelekeza, injini huweza kuinuliwa kwa mikono. Ijue ilipo kabla hujaihitaji, na uwe na bisibisi yake botini.

HAKI NA WAJIBU WAKO

Kabla ya kazi, omba bei kwa maandishi ikitenganisha vifaa na ufundi. Uliza maswali haya manne: Utaunga kwenye nyaya za amri au za mota? Fyuzi itakuwa wapi na ya ukubwa gani? Swichi ina alama gani ya kuzuia maji? Utatoa dhamana ya muda gani kwa kazi yako? Fundi anayeijua kazi hiyo hujibu bila kusita.

Ikiwa injini bado iko katika kipindi cha dhamana, wasiliana kwanza na aliyekuuzia. Dhamana nyingi haziwajibiki kwa hasara iliyosababishwa na mabadiliko yaliyofanywa nje ya utaratibu wa mtengenezaji, nawe hutapenda kulijua hilo siku kompyuta ya injini imeungua.

Dai stakabadhi yenye jina la duka, tarehe na aina ya kifaa, na uchukue vifaa vya zamani vilivyotolewa. Kifaa kisichofanya kazi kirudishwe kwa muuzaji pamoja na stakabadhi. Ukishuku kwamba ni bandia, kwa Tanzania Bara taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Ikiwa boti yako hubeba abiria au mizigo kwa malipo, mjulishe pia mkaguzi wa vyombo kuhusu mabadiliko uliyofanya: kwa Tanzania Bara yuko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na kwa Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Mwisho, wafundishe wote wanaoiendesha boti yako kanuni moja kuhusu swichi zote mbili. Kabla ya kuinua au kushusha injini boti ikiwa ufukweni, injini huzimwa, ufunguo hutolewa, na mbonyezaji huita kwa sauti na kusubiri kujibiwa na aliye majini. Swichi haina macho. Macho ni ya anayeibonyeza.